Ripoti ya Punje Mia Moja Sitini na Tatu

Jina la nchi hii silitaji. Msidhani naogopa. Ni kwamba lina silabi tatu tu, na sheria ya huko inakataza kitu cha serikali kuitwa kwa neno lisilofika silabi nne. Mpaka leo wenyewe wakitaka kuitaja nchi yao huelekeza kidole chini, kwenye udongo, na mgeni hudhani wameangusha kitu.

Mambo yalianza kwa nia njema, kama yanavyoanza yote ya namna hiyo. Mheshimiwa Bugubugu alikwenda mkutano wa ng'ambo, akakaa siku tano pasipo kuelewa hata jambo moja lililosemwa. Mtu mwingine angeona haya. Yeye aliona mwanga. Aliporudi aliwaeleza wenzake barazani kwamba wale wa ng'ambo wameendelea kwa sababu ya urefu wa maneno yao, na kwamba hapa nyumbani watu wamebaki nyuma kwa kuwa wanasema njaa, kiu, choo, vijineno ambavyo hata mtoto anavielewa. Na jambo analolielewa mtoto, alisema, mfadhili ataliheshimu vipi? Baraza likapiga makofi hadi mkalimani akaamka. Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Maneno Mazito, Bugubugu akawa waziri wake, na kuanzia mwezi uliofuata hakuna ombi, taarifa wala malalamiko yaliyopokelewa ofisini ila kwa Kiingereza kizito. Kiswahili kiliachwa kitumike nyumbani, sokoni na misibani, mradi marehemu asiwe mtu wa maana.

Uzito ulipimwa kwa kunde. Kila ofisi ilipewa mtungi wa kunde kavu na sahani ya bati. Mwananchi akisoma neno lake, karani huweka punje moja kwa kila silabi. Zikifika nne, neno limepita. Zikipungua, neno ni jepesi na hurudishwa kwa mwenyewe. Vijineno vya kuungia sentensi vilisamehewa, kama mbwa wanaofuata msafara wa harusi: hawakualikwa, lakini nani atawafukuza? Ilitokea mara moja kwamba punje ilikuwa imebunguliwa na wadudu, nusu yake ikadondoka unga, na mzee mmoja akanyimwa kibali cha kumzika mkewe kwa upungufu wa nusu silabi. Wizara ilisikitika sana. Ikanunua kunde mpya.

Basi katika mtaa uitwao Mferejini aliishi mama kijana, Sikudhani, na binti yake Havijawa, wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mumewe, Songoro, alikuwa mbali akivunja kokoto za barabara, akionekana sikukuu hadi sikukuu. Sikudhani aliishia darasa la saba, lakini kichwa chake hakikuishia hapo. Alikuwa mtu wa kuuliza. Hata mwanawe alimzungumzisha kutwa kucha, akimwonyesha hiki na kile, na Havijawa akamtazama kwa macho makubwa, asiseme neno. Majirani walisema mtoto amechelewa. Mama yake alisema anachagua.

Ikawa siku moja bomba la choo cha soko likapasuka. Likapasukia pabaya kuliko pote, juu kabisa ya bomba la maji ya kunywa, nalo hilo la maji lilikuwa na ufa wake wa miaka mingi. Yakaonana, yakapendana, yakaungana. Kufika Ijumaa maji ya Mferejini yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, na harufu ambayo ilifanya watu watazamane wao kwa wao kabla ya kutazama ndoo. Ukiyaacha yatulie, juu yake kulielea utando kama wa maziwa. Chini yake sitaki kusema, kwani kuna watu mnasoma mnakula.

Serikali haikulala. Ilimtuma fundi bomba, Shomari, na koleo jipya kabisa. Shomari alifika, akalikagua tundu, akasema hii kazi ya saa tatu. Kisha akageuza ndoo, akaikalia, akafungua mwavuli, akaanza kusubiri. Hakuruhusiwa kuchimba mpaka pawepo taarifa ya mwananchi iliyopitishwa kwa kunde. Alisubiri wiki, alisubiri mwezi. Alipandishwa cheo papo hapo alipokaa, akawa Fundi Mwandamizi, akaletewa kiti badala ya ndoo. Maji taka yalipita katikati ya miguu yake, naye akawa anainyanyua kwa adabu.

Si kwamba watu hawakulalamika. Bi Mwatumu, mpika kunde za nazi wa pale kona, alikwenda ofisini siku ya kwanza kabisa. Akamwambia karani, Bwana Mashauri, kwamba maji yananuka mavi. Mashauri alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi. Alimweleza kwamba malalamiko yake hayajakataliwa, la hasha, ila tu hayapo, kwa maana hayana uzito wa kukaa juu ya meza. Bi Mwatumu akatoka pale akaenda kuchukua jembe lake. Alipiga majembe manne tu juu ya bomba la serikali. Alifungwa siku nne, siku moja kwa kila jembe, kwa kosa lenye punje kumi na moja ambalo hakimu mwenyewe alilisoma kwa vituo, akivuta pumzi katikati.

Havijawa aliharisha mara ya kwanza mwezi ule ule. Akapona. Akaharisha mara ya pili, akapona nusu. Sikudhani alichemsha kila tone, mkaa ukaisha, akachemshia vifuu vya nazi. Lakini mtoto ni mtoto. Utamchemshia ya kunywa, atalamba ya kuoga. Mara ya tatu alilala siku sita kama kitambaa kilicholoweshwa, macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

Kliniki nesi alimpima kwenye mizani, akachora alama kwenye kadi. Ule mstari uliokuwa ukipanda kama ngazi sasa ulikuwa umetelemka hadi kwenye wekundu. Nesi akachungulia koridoni, akafunga mlango, maana hata yeye kusema kwa wepesi kazini kungemtoa kazini.

"Mama Havijawa," akasema chinichini, "huyu mwili wake umemaliza akiba. Akishikwa tena mara ya nne sitakuwa na la kukwambia, kwa lugha yoyote."

Sikudhani alitembea hadi nyumbani na mtoto mgongoni, mwepesi mno, kama amebeba mbeleko tupu. Akapita kwa Shomari. Shomari akanyanyua miguu kumpisha, akaona haya, akatazama koleo lake.

"Mimi nipo, dada," akasema. "Nileteeni karatasi tu."

Jioni hiyo hiyo Sikudhani akaenda kujiandikisha darasa la watu wazima.

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi, watu wazima wakikalia madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mwalimu wao, Bi Nyamizi, alikuwa na kamusi moja ya wilaya nzima. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimefungiwa karanga na mtu asiyejulikana, kwa hiyo katika wilaya ile hakuna aliyeweza kulalamikia jambo lolote linaloanza na herufi tatu za mwanzo. Takwimu zilionyesha kwamba mambo hayo yamekwisha kabisa, na mkuu wa wilaya alipewa nishani.

Wanafunzi walikuja kila mmoja na shida yake. Alikuwepo kijana aliyetaka kuposa kwa watu wenye makuu, akatakiwa maneno sita ya punje tano tano kabla hajaonyeshwa binti. Alikuwepo polisi aliyehitaji makosa mapya, kwa kuwa ya zamani watu walikwisha kuyazoea. Walikariri kwa kuimba, wakiyumba, kama watu waliomo ndani ya chombo kimoja kibovu. Sikudhani peke yake ndiye aliyenyoosha mkono usiku ule wa kwanza akauliza neno walilokuwa wakiliimba maana yake nini.

Bi Nyamizi akavua miwani.

"Maana iliondolewa kwenye mtaala, mwanangu," akasema. "Walisema inaongeza mzigo. Mtihani hauiulizi."

"Mimi sifanyi mtihani, mwalimu. Mimi nina mtoto."

Bi Nyamizi akachukua kamusi akamwekea mapajani. Tangu siku hiyo wenzake wakitoka, wao wawili walibaki kidogo, wakitafuta maana zilipofichwa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Wizara iliupenda msemo huo, ikaubandika mlangoni.

Sikudhani alijifunza kama mwanamke anavyotunza nyumba: kila kitu na mahali pake. Neno la kuoza polepole aliliandika kwa mkaa ukutani, juu ya beseni. Neno la kupenya mahali ambapo hukuitwa alilipa ufa wa mlango, panapoingilia panya. Lile la kitu kinachoambukiza alilitundika karibu na taulo za mtoto. Kwa uchafu wenyewe alipata neno refu, laini, lenye kuteleza, lililosikika kama jina la ua la kupanda bustanini kwa mabalozi, akashangaa nani aliyekaa akafikiri kukiita kitu kile kwa sauti nzuri vile. Alilisema mbele ya ndoo. Ndoo ikazidi kunuka. Akiosha vyombo alikariri, akinyonyesha alikariri, Havijawa akiifuata midomo yake kwa macho bila kutoa sauti.

Jirani zake walimcheka. Bi Mwatumu alimwita Mama Mzungu, akamuuliza kama sasa hata kukohoa anakohoa kwa punje. Lakini kila alfajiri alimwachia mlangoni galoni la maji aliyoyatoa mbali, mtaa wa tatu, kichwani mwake mwenyewe.

Baada ya miezi mitatu ripoti ikawa tayari. Ilikuwa na maneno mazito ishirini na tisa, kila moja likisema kweli. Kwa lugha ya nyumbani ingesema hivi: mavi ya sokoni yameingia kwenye maji tunayokunywa, watoto wetu wanakwisha, tafadhali zibeni. Basi.

Mashauri aliipokea kwa mikono yake safi, akaanza kuhesabu. Akahesabu, akahesabu. Kufika punje mia na arobaini mtungi ukawa mweupe. Katika historia ya ofisi ile mtungi haukuwahi kuisha. Akatumwa mtu kwa Bi Mwatumu, naye akaja na upawa wa kunde zilizokwisha kuchemka, tui linachuruzika. Mashauri alitafakari kwa kina kama punje iliyopikwa ni halali. Alipekua kanuni, hakuona katazo. Akazipanga moja moja, na jumla ikawa mia moja sitini na tatu. Alisimama. Machozi yalimtoka.

Sikudhani akamuuliza kama Shomari aanze kuchimba leo ama kesho.

Mashauri alionekana kuumia. Alimweleza kwamba karatasi kama ile haiendi kwa watu wa mabomba, itachafuka. Inakwenda wizarani. Ilitiwa kwenye fremu yenye kioo, ikapelekwa kwa gari lenye bendera, na wiki ya pili Sikudhani akapata barua kwamba ripoti yake imeshinda Tuzo ya Taifa ya Uzito, na kwamba ataisoma mwenyewe mbele ya Mheshimiwa Waziri.

Alikunja barua. Moyo wake ulitaka kufa ukakataa. Alijiambia waziri ni mtu, ana masikio, na mtu akisomewa jambo lile kwa kinywa cha aliyepatwa nalo hawezi kukaa kimya. Akamwogesha Havijawa kwa maji yaliyochemshwa, akamfunga mgongoni, akaenda.

Ukumbi wa wizara ulikuwa nyuma ya soko, na bomba lake la maji, kama mlivyokwisha kukisia, lilikuwa lile lile. Miaka yote wakubwa walikunywa maji ya chupa. Lakini safari hii mpishi wa ukumbi alipoomba katoni za maji, ombi lilirudishwa, kwa kuwa neno aliloandika lilikuwa jepesi, punje mbili tu. Mpishi hakujua zito lake. Katibu hakujua. Kamati ndogo iliyokaa siku mbili haikujua. Mpishi akafungua bomba, akajaza majagi, akatia vipande vya ndimu na majani ya mnanaa, kwa heshima ya shughuli.

Mheshimiwa Bugubugu alihutubia saa nzima na robo. Alisema kwa maneno mapana, yenye vyumba na varanda, na ndani ya vyumba vyote hamkuwa na mtu. Kila alipomaliza neno refu alinywa kidogo. Wageni nao wakanywa, kwa kufuata itifaki. Baadhi walikunja pua, wakadhani ni mnanaa wa kigeni.

Sikudhani akaitwa jukwaani. Alisoma pole pole, kama mtu anayemwagilia mche. Alipotaja kupenya, wakapiga makofi. Alipotaja kuoza, wakapiga makofi na meza. Alipofika kwenye lile neno refu, laini, lenye kuteleza, ukumbi mzima ulisimama, mke wa katibu akapiga kigelegele, na waziri akatoa leso akajifuta macho. Sikudhani aliinua uso akawatazama. Waliokuwa wakimshangilia walikuwa na bilauri mkononi. Hapo ndipo kichefuchefu kilipompanda, si cha harufu, ijapokuwa harufu ilikuwepo. Kilikuwa cha kuona miezi mitatu ya mkaa ukutani imegeuzwa ngoma ya kuchezea.

Waziri akamkumbatia begani. Akasema taifa lililozaa lugha kama hii halina tatizo lolote. Wapiga picha wakasogea. Waziri, aliyejua picha inahitaji mtoto, akamtoa Havijawa mgongoni kwa mama yake, akampakata, akainua bilauri yake. Akanywa nusu. Akatabasamu kwenye kamera. Kisha ile nusu iliyobaki akaipeleka kwenye midomo ya mtoto.

Havijawa alikuwa na kiu. Akafungua mdomo.

Katika kichwa cha Sikudhani yalikuwepo maneno ishirini na tisa, yote mazito, yote ya kweli. Hakuliona hata moja. Alikamata mkono wa waziri.

"Usimpe," akasema. "Hayo maji yana mavi."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Punje mbili zilikwenda hadi viti vya nyuma, zikagonga ukuta, zikarudi. Hakuna aliyeomba mkalimani. Waziri aliitazama bilauri, akaitazama chini yake, ambako kitu kidogo kilikuwa kimetulia chini ya kipande cha ndimu. Alimrudisha mtoto kwa mama yake taratibu sana.

Wakatapika. Walitapika kwa kufuata cheo: waziri kwanza, makatibu wakasubiri amalize, wakurugenzi wakasubiri makatibu, ila safu ya nyuma ilivunja nidhamu na baadaye ikaandikiwa barua. Mashauri, aliyealikwa kwa kuipitisha ripoti, alitapika kwenye mikono yake safi. Fremu yenye ripoti ilianguka, ikapata sehemu yake.

Shomari alipigiwa simu dakika ile. Sauti ya waziri, iliyokauka, haikutafuta urefu. Ilisema, "Chimba."

Saa tatu. Kama alivyosema.

Taarifa rasmi ilitoka jioni. Ilieleza kwamba hitilafu iligunduliwa na wizara yenyewe kutokana na mfumo madhubuti wa kunde, na kwamba Mheshimiwa alionja maji yale kwa hiari, kwa uzalendo. Sikudhani alinyang'anywa tuzo kwa kosa la wepesi hadharani, akafutiwa darasa la jioni, na jina lake likabandikwa ofisi zote kwamba asipokelewe kwa miaka saba. Neno alilolitumia liliundiwa kamati ya kulitafutia badala. Kamati inakaa hadi leo. Shomari aliteremshwa cheo, kwa kuwa hapakuwa tena na tundu la kusimamia.

Bi Nyamizi hakusema kitu mbele za watu. Alipita Mferejini siku moja, akaacha mfuko kwenye kizingiti. Ndani mlikuwa na kamusi.

Na Havijawa? Mara ya nne haikuja. Mwezi uliofuata nesi alimpima, akachora alama yake, akaifuata kwa kidole akihakikisha haoni vibaya. Mstari umepanda. Alimpa Sikudhani kadi, akaufungua mlango wazi.

Siku hiyo waliporudi jua lilikuwa kali. Sikudhani alimketisha mwanawe sakafuni, chini ya ule ukuta wake wa mkaa, akaanza kupembua mchele. Havijawa akatambaa hadi kwenye ndoo, akashika ukingo, akasimama. Maji yalikuwa meupe, ukaona mpaka chini. Akageuka akamtazama mama yake kwa yale macho makubwa, akanyoosha kidole.

"Maji," akasema.

Mama yake aliuacha ungo. Alihesabu kwa mazoea, kwenye vidole vyake viwili. Hakumwambia arudie, wala hakumtafutia lililo zito. Aliinuka, akachukua kikombe, akachota maji kikajaa, akampa.